Miji Midogo Iliyooza katika Tamthilia za Upelelezi za Zamani za Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

Mji mdogo uliooza ni mji wa namna gani?

Ni mji wa kubuni, kwa kawaida wenye barabara kuu moja, jengo la mahakama, kituo cha mafuta, mkahawa na nyumba ya wageni, ambamo ofisi zote zilizowekwa ili zichungane zimeangukia mikononi mwa watu wachache wanaokula pamoja. Sherifu anakamata, hakimu anahukumu, meya anatia saini, mhariri wa gazeti ananyamaza, na tajiri mmoja anaamua nani auze shamba lake na kwa bei gani. Mpelelezi wa kujitegemea anaingia humo akiwa mgeni, akimtafuta mtu aliyepotea au akifuatilia deni, na kabla siku haijaisha anagundua kwamba kila mlango anaoubisha unafunguliwa na watu wale wale.

Majibu yote ya ukurasa huu yanashikilia jambo moja ambalo mashabiki wengi hulipita haraka: uovu wa miji hii hautokani na roho mbaya ya mtu mmoja, bali na namna vyeo vilivyofungwa pamoja na njia ambayo fedha hupitia. Sehemu bora za tamthilia hizi hukuonyesha njia hiyo ya fedha. Zilizo dhaifu hukuonyesha sherifu mnene mwenye miwani ya jua, zikaishia hapo.

Ni tamthilia zipi zinazohusika, na za miaka gani?

Ni zile zilizorushwa Marekani na mitandao ya televisheni ya CBS, NBC na ABC kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980, hasa Mannix (CBS, 1967–1975), Cannon (CBS, 1971–1976), Barnaby Jones (CBS, 1973–1980), The Rockford Files (NBC, 1974–1980) na Charlie's Angels (ABC, 1976–1981). Columbo haimo, kwa sababu Luteni Columbo ni askari wa Los Angeles mwenye mamlaka ya serikali nyuma yake, ilhali hadithi ya mji uliooza inamtaka shujaa asiye na cheo chochote.

The Fugitive (ABC, 1963–1967) inastahili kutajwa ingawa shujaa wake, Dkt. Richard Kimble, si mpelelezi kwa kazi. Yeye amehukumiwa kifo kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyafanya, na anahama mji hadi mji akimtafuta mwuaji huku polisi wakimfuata. Kwa misimu 4 na sehemu 120, watazamaji walizoea kuutazama mji mdogo kwa macho ya mtu anayeuogopa. Mbunifu wake, Roy Huggins, ndiye aliyeshirikiana baadaye na Stephen J. Cannell kubuni The Rockford Files, na si ajabu kwamba Jim Rockford naye amepitia jela ya San Quentin kwa kosa asilolitenda kabla ya kupata msamaha. Mtu wa namna hiyo akimwona sherifu anatabasamu, haamini tabasamu hilo.

Hadithi hizi huanza vipi?

Gari linapunguza mwendo karibu na bango la kuwakaribisha wageni. Nyuma yake inawaka taa nyekundu. Askari anateremka pole pole, anaweka kiganja juu ya paa la gari, anaomba leseni na kuisoma kwa muda mrefu kuliko maandishi yaliyomo. Dereva anasema hakuzidisha mwendo. Askari haongezi neno. Anazunguka nyuma ya gari, kioo kinasikika kikipasuka, kisha anarudi dirishani na kumweleza mgeni kwamba taa yake ya nyuma ni mbovu.

Onyesho hili limerudiwa kwa sura nyingi. Wakati mwingine gari linaharibika na fundi ni mmoja tu; wakati mwingine mgeni anakuta chumba chake cha kulala kimepekuliwa. Lakini kazi ya onyesho ni ile ile: katika dakika mbili mtazamaji ameelewa kwamba hapa sheria ipo, ina sare na ina vitabu vya risiti, na kwamba haitamsaidia mgeni. Sababu ya kumkamata mpita njia kuwa na umuhimu mkubwa kiasi hicho inaelezwa katika kundi la maswali kuhusu fedha.

Mbona watu wengi wa rika la miaka hiyo Tanzania Bara hawazikumbuki?

Kwa sababu televisheni ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, wakati ambapo nyingi ya tamthilia hizi zilikuwa zimeshakoma kutengenezwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, na Kenya tangu 1962.

## Watu wa mji

Kwa nini sherifu ndiye anayetumiwa zaidi kuwa mwovu?

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Katika majimbo mengi ya Marekani sherifu wa kaunti huchaguliwa kwa kura. Hateuliwi na mkuu wa polisi wa taifa, kwa kuwa cheo hicho hakipo, wala hahamishwi kituo kama afande anayehamishwa mkoa. Anaajiri wasaidizi wake, anaendesha jela ya kaunti, na katika mahali ambapo watu wanajuana kwa majina, wale wanaompa cheo ndio wale wale anaotakiwa kuwakamata. Mwandishi wa tamthilia anayetaka kuonyesha utegemezi huo hahitaji kubuni mengi.

Kwa kimo hicho hicho kuna hakimu. Makosa madogo yaliweza kusikilizwa na mtu ambaye hakusomea sheria kabisa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokea shauri la mtu aliyehukumiwa katika mji mdogo wa Lynch, jimbo la Kentucky, na hakimu aliyemhukumu alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mahakama ilikubali utaratibu huo kwa kuwa mshtakiwa alikuwa na haki ya kusikilizwa upya mbele ya hakimu mwanasheria. Sitaki kumdharau mchimba makaa, ambaye anaweza kuwa mwadilifu kuliko wengi wenye joho. Ila mgeni aliyekamatwa usiku hajui kama anayemsikiliza ni mwadilifu au ni shemeji wa sherifu, na hapo ndipo kesi ya ngedere inapopelekwa kwa nyani.

Nani hasa ndiye mwenye mji?

Mara nyingi si sherifu. Mwenye mji ni mtu ambaye hana cheo chochote rasmi au ana cheo cha heshima tu: mwenye kiwanda, mwenye shamba kubwa, mwenye benki inayoshikilia rehani za nyumba zote. Sherifu ni mkono wake. Sehemu nzuri humchelewesha mtu huyu. Tunamwona mara ya kwanza akiwa mpole, akimwagia mgeni kinywaji na kumwuliza habari za safari, na tunajua kwamba hatari imeingia kwa sababu kila mtu chumbani anasubiri yeye amalize kuongea.

Kwa nini wakazi wa kawaida wananyamaza?

Hili ndilo swali zito zaidi katika aina hii ya hadithi, na filamu ya Bad Day at Black Rock (1955) ililijibu kabla ya tamthilia nyingi kuanza. Mtu mwenye mkono mmoja, Macreedy, anayechezwa na Spencer Tracy, anashuka kwenye treni ambayo haijasimama hapo kwa miaka minne, akimwulizia mkulima mwenye asili ya Japani aitwaye Komoko. Wakazi wanamchukia papo hapo. Baadaye tunafahamu kwamba Komoko aliuawa mara baada ya shambulio la Japani dhidi ya Marekani huko Pearl Harbor, kwamba wachache waliua na wengine walijua. Mji mzima umekuwa mateka wa usiku mmoja.

Tamthilia za televisheni zilirithi wazo hilo: mkazi ananyamaza si kwa woga wa kupigwa tu, bali kwa sababu amekwisha kupata fungu lake, hata likiwa dogo. Duka lake halikaguliwi. Mwanawe alipata kazi barabarani. Barabara ya mtaa wake imetiwa lami kwa fedha ambazo hakuuliza zilikotoka. Mhudumu wa mkahawa anayemnong'oneza mpelelezi, "Ondoka leo," naye ana kitu cha kupoteza, na tamthilia ikimpa dakika tatu za kueleza kitu hicho, sehemu nzima inapata uzito.

Kwa nini mpelelezi hapigi simu ngazi za juu tangu mwanzo?

Kwa upande wa hadithi, kwa sababu simu inapitia kwa opereta wa mji au ofisi ya sherifu. Kwa upande wa hali halisi, kwa sababu mamlaka ya polisi Marekani yamegawanyika, na FBI haiingilii kila wizi wa kaunti. Inahitaji kosa linalohusu sheria za shirikisho. Sehemu dhaifu huwaleta polisi wa jimbo dakika ya mwisho na kuwapakia wabaya wote kwenye magari. Mimi naziona pungufu, kwa kuwa zinamwacha mtazamaji aamini kwamba ngazi moja juu kila kitu ni safi.

## Fedha

Mji unapataje fedha kwa kumkamata mpita njia?

Kwa faini, kwa ada za mahakama, kwa gharama za kuvuta gari na kwa dhamana. Mpita njia ni windo bora: hapigi kura hapa, ana haraka, na kurudi kusikiliza kesi baada ya wiki tatu kutamgharimu kuliko kulipa leo.

Sehemu iliyoeleza jambo hili vizuri ni "Pastoria Prime Pick" ya The Rockford Files, iliyorushwa mwaka 1975. Rockford anakwenda mji wa New Pastoria kumtafuta mtu, na anajikuta anabambikiwa kesi juu ya kesi. Kinachotisha si ukali wa polisi, bali utulivu wa viongozi wote kwa pamoja. Wanamwendesha kama karani anavyoendesha faili, kwa heshima, hatua baada ya hatua, na kila hatua ina bei. Ukiitazama, angalia jinsi kila afisa anavyoonekana hafanyi zaidi ya kazi yake.

Waandishi hawakuokota hayo hewani. Mwaka 1927, katika kesi ya Tumey dhidi ya Ohio, Mahakama ya Juu ilichunguza mahakama ya meya wa kijiji cha North College Hill. Mshtakiwa alikamatwa kwa kuwa na pombe wakati ilipokuwa imepigwa marufuku na akatozwa dola 100. Meya aliyemhukumu alipata dola 12 za gharama za shauri lile, ambazo asingezipata kama angemwachia huru. Mahakama ilisema mtu hawezi kuhukumiwa na hakimu mwenye maslahi ya fedha katika hukumu yake. Katika barabara kuu za Georgia, mji wa Ludowici ulijulikana sana kwa kuwanasa wasafiri waliokuwa wakielekea Florida, hata mwaka 1970 gavana Lester Maddox akaamuru mabango makubwa yawekwe njiani kuwaonya madereva. Serikali ya jimbo inapoweka bango la kuwatahadharisha watu dhidi ya mji wake yenyewe, mwandishi wa tamthilia amebakiwa na kazi ya kutafuta jina la kubuni tu.

Je, hukumu ya 1927 haikumaliza tatizo?

Haikumaliza. Vijiji vilijifunza kutomlipa meya moja kwa moja, fedha zikaingia kwenye hazina ya kijiji. Mwaka 1972, katika kesi ya Ward dhidi ya kijiji cha Monroeville, nacho kiko Ohio, Mahakama ya Juu ilikuta kwamba sehemu kubwa ya mapato ya kijiji ilitoka katika faini na ada zilizotozwa na mahakama ya meya ambaye pia alisimamia fedha za kijiji, na ikasema haki imevunjwa hata kama meya mwenyewe hakutia senti mfukoni. Hukumu hiyo ilitoka miaka mitatu kabla ya "Pastoria Prime Pick". Ndiyo maana nasisitiza kuwa New Pastoria si ndoto ya mwandishi aliyechukia vijijini. Ni hoja ya kisheria iliyovishwa nguo za hadithi.

Na ardhi, je?

Ardhi ni njia ya pili ya fedha. Katika "The Great Blue Lake Land and Development Company", nayo ya 1975, Rockford anaharibikiwa na gari jangwani akiwa amebeba dola 10,000 za dhamana ya mteja, anaziweka kwenye kasiki la ofisi ya kampuni inayouza viwanja, na asubuhi fedha hazipo wala hakuna anayekumbuka kumwona. Viwanja vyenyewe ni mchanga na ahadi za ziwa. Sehemu hii haina mji kamili, ila ina kiini chake: watu wachache walio mbali na macho, wanaokubaliana kusahau kwa pamoja.

## Historia iliyo nyuma ya hadithi

Je, miji ya namna hii ilikuwapo kweli?

Ilikuwapo, na baadhi ilizidi tamthilia.

Mji wa Athens, katika kaunti ya McMinn, Tennessee, ulikuwa chini ya kundi la kisiasa la Paul Cantrell tangu miaka ya 1930. Sherifu na wasaidizi wake walilipwa ada kwa kila mtu waliyemtia ndani, kwa hiyo walikuwa wakisimamisha mabasi yanayopita kaunti na kuwakamata abiria kwa madai ya ulevi. Vijana waliporudi kutoka vitani walisimamisha wagombea wao. Siku ya uchaguzi, tarehe 1 Agosti 1946, wasaidizi wa sherifu walibeba masanduku ya kura na kujifungia nayo jela. Maveterani walichukua bunduki kwenye ghala la jeshi, wakaizunguka jela, wakafyatuliana risasi usiku, na hatimaye wakatumia baruti hadi waliokuwa ndani wakajisalimisha alfajiri. Kura zilihesabiwa na mgombea wa maveterani, Knox Henry, akawa sherifu.

Phenix City, Alabama, ulikuwa ng'ambo ya mto kutoka Columbus, Georgia, karibu na kambi ya jeshi ya Fort Benning, na uliishi kwa kamari na madanguro yaliyokamua mishahara ya askari. Mwanasheria Albert Patterson aligombea uteuzi wa chama cha Democratic kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo kwa ahadi ya kuusafisha mji wake. Aliushinda uteuzi huo, na tarehe 18 Juni 1954 akapigwa risasi nje ya ofisi yake. Gavana aliuweka mji chini ya jeshi la jimbo. Aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo alikuwa Albert Fuller, naibu mkuu wa sherifu. Gazeti la jirani, Columbus Ledger, lilipata tuzo ya Pulitzer ya 1955 kwa kuandika habari hizo, na mwaka huo huo filamu kuhusu mji huo ikatoka.

Wazo lilitoka wapi kabla ya televisheni?

Lilitoka kwenye riwaya za upelelezi za miaka ya 1920, hasa Red Harvest ya Dashiell Hammett (1929), ambaye mwenyewe alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton. Mji wake wa Personville umetawaliwa na tajiri wa migodi aliyewaleta majambazi kuvunja mgomo wa wafanyakazi, kisha akashindwa kuwaondoa.

Televisheni yenyewe pia ilichangia. Mwaka 1950 na 1951 kamati ya seneti iliyoongozwa na Estes Kefauver ilizunguka miji 14 kuwahoji watu wa kamari na viongozi waliowalinda, na vikao vyake vilioneshwa moja kwa moja. Kwa mara ya kwanza familia zilikaa sebuleni zikawaona masherifu wakishindwa kueleza utajiri wao. Watazamaji hao ndio waliokuja kuzitazama tamthilia tunazozungumzia.

## Utengenezaji

Kwa nini miji yote inafanana?

Kwa sababu mara nyingi ni mji mmoja. Studio za Hollywood zilikuwa na viwanja vyenye barabara za kujengwa, na msimu mmoja uliohitaji sehemu zaidi ya 20 haukuruhusu kusafiri mbali. Uwanja wa mahakama ulioko studio za Universal umetumika kwa filamu na tamthilia nyingi mno. Katika uwanja wa Forty Acres, Culver City, ndiko kulikokuwa na Mayberry, mji wa The Andy Griffith Show (CBS, 1960–1968), ambako sherifu hatembei na bastola na mlevi wa mji anajifungulia mwenyewe mlango wa mahabusu. Barabara hiyo hiyo ilitumika katika sehemu ya Star Trek ya mwaka 1967, na bango la kinyozi Floyd linaonekana wahusika wakipita.

Hili lina maana zaidi ya uchumi. Mtazamaji aliyeizoea Mayberry aliingia katika mji uliooza akiwa tayari ana mapenzi na veranda zile na miti ile, na mwandishi alihitaji kubadili mtu mmoja tu nyuma ya meza ya sherifu ili mapenzi yageuke kuwa hofu.

Kwa nini majina ya miji ni ya kubuni?

Ili kuepuka kesi za kashfa, na pia kwa sababu ya kanuni za warushaji wenyewe. Kuanzia 1952 hadi 1983 chama cha warushaji matangazo wa Marekani kilikuwa na Kanuni za Televisheni, zilizotaka walinzi wa sheria waonyeshwe kwa heshima na uhalifu usionekane ukilipa. Kwa maoni yangu, kanuni hizo ndizo zilizousukuma uovu wa polisi kwenda mashambani: ilikuwa rahisi zaidi kumwonyesha sherifu mla rushwa wa mahali pasipokuwapo kuliko nahodha wa polisi wa jiji ambalo kila mtu analijua.

## Maswali ya pembeni

Je, Hazzard ya The Dukes of Hazzard ni mji uliooza?

Kwa muundo, ndiyo kabisa. Boss Hogg ana mali, ana cheo cha kaunti, na sherifu Rosco ni kaka wa mke wake. Lakini tamthilia hiyo (CBS, 1979–1985) ni ya vichekesho na magari, na hakuna anayeumia kwa kweli. Naitaja kwa sababu inaonyesha undugu waziwazi, jambo ambalo tamthilia nzito hulificha hadi mwisho.

Na Cabot Cove?

Hapana. Cabot Cove, Maine, wa Murder, She Wrote (CBS, 1984–1996) una mauaji mengi mno kwa ukubwa wake, lakini masherifu wake, Amos Tupper na baadaye Mort Metzger, ni watu wema. Huko mwuaji ni mtu mmoja mwenye sababu yake, na mji unabaki mzima baada ya kukamatwa kwake. Katika mji uliooza, kumkamata mwuaji hakuponyi chochote peke yake.

Kwa nini Wamarekani weusi hawaonekani sana katika hadithi hizi?

Hii ndiyo dosari kubwa kuliko zote, na haifai kupitwa. Tamthilia nyingi zilichukua kiini cha hofu waliyoijua Wamarekani weusi wa Kusini kwa vizazi, kisha zikamweka mzungu kutoka Los Angeles kwenye usukani.

Tarehe 21 Juni 1964, karibu na mji wa Philadelphia, Mississippi, naibu sherifu Cecil Price aliwasimamisha vijana watatu wapigania haki za kiraia. James Chaney, kijana mweusi aliyekuwa akiendesha, alishtakiwa kwa mwendo kasi. Andrew Goodman na Michael Schwerner walishikiliwa pamoja naye. Waliwekwa jela ya kaunti, faini ya dola 20 ikalipwa, na wakaachiwa usiku. Kisha wakafuatwa barabarani na kuuawa. Mwaka 1967 Price na wengine sita walipatikana na hatia katika mahakama ya shirikisho. Rudi sasa kwenye onyesho la gari lililoelezwa katika kundi la kwanza la maswali: taa nyekundu, leseni, faini, jela, kuachiwa usiku. Hatua ni zile zile, na kwa Chaney hapakuwa na sehemu ya wiki ijayo.

Kazi iliyomrudisha mtu mweusi katikati ni In the Heat of the Night, filamu ya 1967, ambamo Virgil Tibbs, mpelelezi wa polisi kutoka jiji la Philadelphia, Pennsylvania, anakamatwa stesheni katika mji wa kubuni wa Sparta, Mississippi, kwa kuwa tu ni mweusi, ni mgeni na ana fedha kwenye pochi. Sidney Poitier hakutaka filamu ipigwe Kusini, na sehemu kubwa ilipigwa Sparta, Illinois. Ilichukua hadi 1988 ndipo hadithi hiyo ikawa tamthilia ya kila wiki, Howard Rollins akiwa Tibbs na Carroll O'Connor akiwa mkuu wa polisi Gillespie, na ikadumu hadi 1995.

Je, jela za mashambani zina mahali gani?

Zina mahali pa kudumu. Mfano unaojulikana zaidi ni "Angels in Chains" ya Charlie's Angels (1976), ambamo wapelelezi watatu wanajiingiza kwa makusudi katika shamba la jela la Pine Parish na kukuta wafungwa wanawake wanatumiwa kwa faida ya wakubwa. Sehemu hiyo ilipendwa kwa sababu zisizohusiana na sheria. Hata hivyo swali lake, yaani nani anafaidika na mwili wa mtu aliyefungwa kwa kosa dogo, ni lile lile la Athens.

Mpelelezi anafaidika nini mwishoni?

Mara chache hupata chochote. Rockford hutoza dola 200 kwa siku pamoja na gharama, na hadithi nyingi huisha akiwa hajalipwa.

Nianze kutazama na ipi?

Anza na "Pastoria Prime Pick", kisha Bad Day at Black Rock, ambayo ina dakika 81 tu, kisha filamu ya In the Heat of the Night. Baada ya hapo tazama "Return to Summer Grove" ya Mannix (1969), kwa sababu inageuza kila kitu: mji mdogo safari hii ni kwao Joe Mannix mwenyewe. Anarudi kumsaidia rafiki wa zamani anayetuhumiwa mauaji, na anakutana na baba yake, Mwarmenia mzee ambaye hawajazungumza kwa miaka. Wabaya wote wa mji hawamtishi kama wale wanaume wawili wanavyotishana wakisimama chumba kimoja, kila mmoja akisubiri mwenzake aamkie kwanza.